Kumbe Alikuwa Ameshaondoka

Yeyote aliyepita sekondari ya Tanzania anamjua yule mgonjwa. Hana jina, ugonjwa wake hautajwi, na hajawahi kupona. Mwalimu wa Kiingereza akifika kwenye wakati uliopita timilifu humwandika ubaoni: "The patient had died before the doctor arrived." Mgonjwa alikuwa amekufa kabla daktari hajafika. Darasa linanakili. Mstari wa pili ni wa treni iliyokuwa imeshaondoka abiria walipofika stesheni. Kuanzia hapo pasti pafekti, kama wanafunzi wanavyoiita, hukaa kichwani kama wakati wa misiba na wa watu waliochelewa.

Kwa mtoto wa Kibaha, mkoa wa Pwani, mifano hiyo haitoki mbali. Hospitali ya Tumbi imepokea majeruhi wa barabara ya Morogoro kwa miaka na miaka. Treni nazo zipo za aina mbili: ile ya reli ya zamani, iliyoanzwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kupita Pugu, Soga na Ruvu, na ile ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 na isiyomsubiri mtu anayefunga kamba za viatu.

Naona walimu wetu, bila kukusudia, walipatia walipowachagua waliochelewa. Walipokosea ni kwenye neno dogo la katikati. Ukishasema "before", mpangilio wa matukio umeshajulikana. Mwingereza mwenyewe akizungumza atasema "The patient died before the doctor arrived" na hakuna atakayemsahihisha. Ile "had" hapo ni ya hiari. Kwa hiyo tunamfundisha mtoto umbo la kitenzi mahali ambapo umbo lenyewe halina kazi, kisha tunashangaa akilitumia kila mahali, au asipolitumia kabisa.

Ondoa "before" uweke "when", uone mambo yanavyobadilika. "When the doctor arrived, the patient died." Daktari alipofika, mgonjwa akafa. Hapo ndugu wa marehemu wana haki ya kuuliza huyo daktari alifanya nini. Sasa rudisha "had": "When the doctor arrived, the patient had died." Daktari alipofika, mgonjwa alikuwa ameshakufa. Daktari ametoka kwenye kesi. Kama kuna wa kuulizwa, labda ni foleni ya magari ya Maili Moja, pale Kibaha. Ndiyo maana taarifa za ajali kwa Kiswahili huandikwa kwa uangalifu kwamba fulani alifikishwa hospitalini akiwa ameshafariki. Anayeandika hivyo hapambi lugha. Anaeleza kifo kilitokea upande gani wa mlango wa hospitali, na upande huo una maana kwa polisi, kwa bima, na kwa muuguzi aliyekuwa zamu usiku ule.

Wakati huu, basi, haupimi umbali. Vita vya Majimaji vina zaidi ya miaka 100, na Kiingereza kinaweza kuvisimulia mwanzo hadi mwisho kwa wakati uliopita wa kawaida. Lakini chai uliyokuwa umeshaimaliza asubuhi ya leo mgeni alipobisha hodi inadai pasti pafekti. Kinachoangaliwa ni mahali msimulizi aliposimama. Amesimama kwenye tukio moja la zamani, mlangoni na mgeni, halafu amegeuza shingo kuangalia lililotangulia.

Msimulizi wa Kiswahili kwa kawaida hapendi kugeuka. Hadithi zetu hufunguliwa kwa paukwa na kuitikiwa pakawa, na ile -ka- ndiyo inayovuta kila kitu mbele: akaenda, akafika, akauliza, akarudi. Gia ya rivasi -ka- haina. Ukisema "alifika akaondoka", hakuna namna msikilizaji ataelewa kwamba kuondoka ndiko kulikotangulia. Bibi anayesimulia ngano hupanga matukio kwa foleni yake, moja nyuma ya jingine, na mtoto hulala bila kuhitaji sarufi ya ziada.

Ila kuna mahali bibi hulazimika kurudi nyuma, na hapo hutumia neno ambalo kila Mswahili analo mdomoni. Akabisha hodi, akasubiri, akabisha tena. Kumbe mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka tangu alfajiri. Kumbe inatangaza kwamba habari imefika nje ya zamu yake. Jambo lilitokea mapema, sisi tumelijua baadaye, na sasa itabidi tuirekebishe picha nzima tuliyokuwa tumejichorea. Mwenzake kumbe ni kitenzi kukuta. Nilimkuta ameshalala. Tulikuta wameshagawana. Tazama kwamba hapo hata "alikuwa" imeangushwa, kwa sababu kukuta kumeshamweka msemaji mahali pake: amefika, na mambo yameisha. Huku Pwani sikio litapata pia "nilimkuta kashalala" na "alikuwa keshaondoka", umbo ambalo vitabu vya shule hulikwepa ingawa halikosi chochote katika kupanga wakati. Ndani ya -sha- yote hiyo kuna kitenzi kwisha kilichochakaa kwa matumizi: amekwisha kufika, amekwishafika, ameshafika.

Natamani somo lingeanzia hapo. Mtoto wa Mlandizi akiambiwa kwamba pale ambapo Kiswahili chake kingesema kumbe au nilikuta, aangalie kama Kiingereza hakitaki "had", ameshapewa kitu kikubwa kuliko fomula ya kitenzi kisaidizi na umbo la tatu la kitenzi. Si kila kumbe italeta "had", kwani mtu husema pia "kumbe ni wewe!" bila kurudi popote. Lakini kila anayetumia "had" kwa haki ana kumbe yake mahali fulani, hata kama imefichwa: kuna kitu kilichotokea kwa mpangilio mmoja na kujulikana kwa mpangilio mwingine.

Mtego upo, na nadhani ndio unaowaangusha wengi. Fikiria lori bovu katika barabara ya Morogoro, mahali fulani baada ya Mlandizi. Dereva amelisogeza pembeni, nusu bado iko kwenye lami, amevunja matawi akayapanga nyuma yake kuwaonya wenzake. Usiku gari dogo linaligonga. Shahidi anaeleza: "Lori lilikuwa limesimama." Mwanafunzi aliyefaulu sarufi atatafsiri bila kusita: "The lorry had stopped." Kila kiungo cha fomula kipo, -likuwa imepata "had" na -me- imepata umbo lake. Ila shahidi hakusema hivyo. Alisema lori lilikuwa pale, limetulia, pengine tangu mchana: kwa Kiingereza, "The lorry was standing there." Msomaji wa "had stopped" anasikia breki. Anaweza hata kudhani lori lilikata mwendo ghafla mbele ya gari dogo, na dereva ambaye alikuwa amelala chini ya turubai lake anageuka kuwa dereva mzembe.

Kisa ni kwamba -me- yetu hubeba tendo lililokamilika na pia hali inayoendelea baada ya tendo. Amekaa, amelala, amesimama, amevaa, amebeba mtoto, amelewa, amechoka: mtu bado yumo katika hali hiyo tunapomtazama. Ukiipeleka katika wakati uliopita kwa "alikuwa", hali inabaki hali. "Alikuwa amevaa kanzu" haiwezi kuwa "he had worn". Alikuwa nayo mwilini. "Alikuwa amelewa" haina "had" hata kidogo kwa Mwingereza. Ndipo umuhimu wa -sha- unapoonekana. "Alikuwa amelala" inamwonyesha mtu kitandani. "Alikuwa ameshalala" inaongeza kwamba tulimchelewa, kwamba tulikuja na jambo la kumwambia na sasa litasubiri kesho. Msemaji yeyote wa Maili Moja anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Inachohitaji shule ni kumwonyesha kwamba anaijua, kisha kumpeleka Kiingereza akiwa nayo mkononi.

Kiingereza hicho cha shule kina historia yake huku, na milima ya Pugu na Kisarawe ilikipokea mapema. Waanglikana wa UMCA walikihamisha chuo chao kutoka Kiungani, Unguja, wakakileta Minaki katika miaka ya 1920. Wakatoliki wakawa na St. Francis, Pugu. Kibaha ilifikiwa baadaye, na kwa mkono mwingine: Denmark, Ufini, Norwe na Uswidi ziliungana na Tanganyika changa kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho kilikabidhiwa serikalini mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wanordiki walipokabidhi, shule za msingi za serikali zilikuwa zimeshahamia Kiswahili, na sekondari zilikuwa zimebaki na Kiingereza. Pengo hilo ndilo ambalo mtoto wa kidato cha kwanza bado analiruka hadi leo. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 lizibwe kwa kuipa sekondari Kiswahili, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima na kuandika kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu Kiingereza wanachofundishiwa. Mjadala umeendelea tangu hapo na msomaji ameshausikia wa kutosha.

Kinachonivutia Pugu ni jambo jingine, la historia, ambalo -ka- imelipinda. Shule hiyo leo imo katika mkoa wa Dar es Salaam, lakini mlima ni ule ule unaoendelea hadi Kisarawe. Utasikia ikisimuliwa kwamba Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu, akaacha ualimu, akaanzisha TANU, akaleta uhuru. Inateleza vizuri mdomoni. Kila -ka- inaikabidhi inayofuata. Tarehe zinakataa. Nyerere alichaguliwa kuongoza TAA, chama kilichoitangulia TANU, Aprili 1953. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na yeye bado alikuwa akishika chaki Pugu. Machi 1955 alikuwa New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi, mwezi huo huo, akajiuzulu. Sentensi sahihi, basi, ni ya kugeuka nyuma: alipoacha ualimu, TANU ilikuwa imeshaanzishwa, na ilikuwa na miezi 8.

Je, inahusu nini kama mwisho wake ni ule ule? Inamhusu mtu mwenyewe. Mwalimu anayeacha kazi ili akatafute siasa ni mtu aliyekwisha kuamua. Aliyejiuzulu Pugu alikuwa ameishi miezi hiyo yote akiwa mwalimu na kiongozi wa chama kwa pamoja, akisahihisha madaftari ya wanafunzi na kuandika barua za chama, mpaka mambo hayo mawili yaliposhindwa kukaa katika ratiba moja. Simulizi ya -ka- inaifuta miezi hiyo. Inamfanya shujaa aonekane hakuwahi kuwa na wiki ngumu.

Kwa Majimaji mambo ni hayo hayo. Kinjekitile Ngwale anasimuliwa kama jemadari aliyegawa maji, akaongoza vita, akashindwa, akanyongwa. Kumbe alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, wakati vita vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Vilipowafikia Wangoni, mtu wa maji alikuwa ameshauawa. Wazaramo wa huku nao waliingia, na Kibasila, jumbe wa Kisangire, alinyongwa pia. Jina lake leo linabebwa na shule ya sekondari Dar es Salaam. Vita viliendelea hadi mwaka 1907 bila Kinjekitile, ambaye vinahesabiwa kuwa vyake. Mwanafunzi wa Kisarawe anayeweza kuandika kwa Kiingereza kwamba Kinjekitile alikuwa amekufa vita viliposambaa atakuwa ameelewa historia, na sarufi imemfuata bila kuitwa.

Hapa niongeze jambo moja ambalo wanafunzi hawaambiwi. Kiingereza kizuri ni bahili wa "had". Mwandishi akishageuka nyuma mara moja au mbili, akajua msomaji amegeuka naye, huiacha na kuendelea na wakati uliopita wa kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi tunafanya vivyo hivyo. "Alikuwa ameshaondoka. Aliamka saa kumi, akafunga mizigo, akapanda gari la Chalinze." Ni "alikuwa ameshaondoka" peke yake iliyorudi nyuma, vitenzi vinavyofuata vinatembea mbele kama kawaida, ila vinatembea katika uwanja wa nyuma. Insha za kidato cha nne, kinyume chake, huwa na "had" kila mstari, kwa sababu mwanafunzi aliambiwa kwamba jambo la zamani kuliko jingine lazima livae alama hiyo, naye ni mtiifu.

Utiifu huo hulelewa na mitihani. Kuna maswali ya kuandika upya sentensi yakianzia na "No sooner had" au "Hardly had", na vizazi vya Watanzania vimekariri kwamba ya kwanza huoa "than" na ya pili huoa "when". Sijui ni lini mara ya mwisho mtu aliyeketi kwenye daladala ya Mbezi hadi Kibaha alihitaji kusema "No sooner had". Kiswahili kina njia nyepesi mno ya jambo hilo: kengele kulia tu, watoto wametoka. Ila maksi ni maksi.

Kazi nyingine ya "had" ni majuto, na hapa Kiingereza kinaonekana kama kimeishiwa. "If I had known" haisemi kwamba jambo lilitangulia jingine. Inasema halikutokea kabisa. Kiingereza kimeazima umbo la kurudi nyuma katika wakati na kulitumia kurudi nyuma kutoka katika ukweli. Kiswahili kilikuwa na chombo chake: ningalijua, nisingalikwenda. Nasema kilikuwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku -nge- imemeza -ngali-, na mtu husema "ningejua nisingeenda" kwa jambo la jana kama la kesho, na anaeleweka. Vitabu vya sarufi bado vinatetea mgawanyo wa zamani. Kwa upande wangu nasikitika kidogo -ngali- inapopotea, maana ina uzito wa mtu aliyekaa chini kujuta, lakini lugha haingoji ruhusa ya wasikitikaji. Tatizo la mwanafunzi ni tofauti: anaona "had" ndani ya "If I had known" na, akiwa na fomula yake, anaandika "kama nilikuwa nimejua", sentensi ambayo hakuna mjukuu wala babu yake Kisarawe aliyewahi kuitamka.

Nimesema wakati huu unapata haki yake pale mpangilio wa kutokea na mpangilio wa kujua vinapoachana. Mahali ambapo vinaachana kila siku, na kwa gharama, ni barazani. Jiji la Dar es Salaam limepanuka kuelekea Kisarawe na kuelekea Kibaha, na ardhi iliyokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho imekatwa viwanja. Kiwanja kimoja huuzwa mara mbili. Mnunuzi wa pili anafika na mafundi, anakuta msingi umeshachimbwa. Wanakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, wanasuluhishwa na baraza la kata, na wakishindikana wanafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa Kibaha lipo pale pale mjini.

Kwa miongo mingi mashauri ya aina hii yalipopanda ngazi yalipitia katika mlango wa kutafsiri. Shahidi alisema kwa Kiswahili. Hakimu au mwenyekiti aliandika kwa Kiingereza, kwa mkono, huku shahidi akiendelea kusema. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini majalada ya nyuma yamebaki na Kiingereza chake, na rufaa nyingi zimeamuliwa kwa kuyasoma hayo. Sasa fikiria shahidi amesema "nilipofika alijenga" na mwingine amesema "nilipofika alikuwa ameshajenga". Wa kwanza anamshtaki jirani kwamba alijenga baada ya kuona mwenye mali amekuja. Wa pili anakiri, pengine bila kujua, kwamba jirani alimtangulia. Kalamu iliyochoka saa nane mchana ikiandika "he built" mahali pa "he had built", heka 3 zimehama.

Taarifa ya maneno ya mtu mwingine nayo ina ugumu wake. Mswahili humwachia aliyenukuliwa wakati wake mwenyewe: "Mzee alisema ameshauza." Mzee alisema "nimeshauza", na sisi tunamrudia bila kuvuta kitenzi chake nyuma. Kiingereza cha shule hulazimisha kitenzi kirudi hatua moja: "The old man said he had sold it." Anayeandika akisahau kurudi hatua hiyo akaweka "he sold", wakili wa upande wa pili anaweza kuuliza aliuza lini, kabla ya mazungumzo hayo au kwa mazungumzo hayo hayo. Katika Kiswahili cha mzee swali lenyewe halikuwa na pa kusimama.

Na katika vijiji vya Kisarawe, kabla ya hati, kabla hata ya karatasi ya mauziano yenye sahihi za majirani, ushahidi wa nani alitangulia ulikuwa umesimama shambani wenyewe. Mnazi wetu mrefu wa Pwani huchukua miaka kama 6 kabla haujazaa, na kila kuti linaloanguka huacha kovu kwenye shina. Anayedai alilifungua pori miaka 4 iliyopita hawezi kuwa na minazi inayozaa nazi, isipokuwa kuna aliyekuwa ameshaipanda. Kiswahili kinaleta utani wake hapo pia, kwa kuwa "alikuwa amepanda mnazi" inaweza kuwa ni mkulima na mche wake au mkwezi aliyeko juu na panga lake, na mkalimani asiyelijua shamba atachagua kwa kubahatisha. Wajumbe wa baraza hawabahatishi. Wanakwenda shambani, wanatazama shina, na wanamgeukia mdai kwa swali ambalo mdai huwa na muda mfupi sana wa kulijibu: minazi hii, uliikuta au uliipanda?